Kizingiti cha Mhoja

Kizingiti hakikuwepo.

Meza mbili zilizokibeba tangu asubuhi zilikuwepo. Blanketi la kijivu lililokifunika lilikuwepo, tena limekunjwa vizuri. Lakini kizingiti chenyewe, ubao mnene wa mninga uliochongwa enzi za misafara ya pembe za ndovu na kukaa juu ya mlango wa nyumba hiyo vizazi na vizazi, kilikuwa kimetoweka ndani ya ghala lililofungwa kwa kufuli.

"Mwizi mwenye adabu," alisema Inspekta Josepha Luhende akilitazama blanketi. "Kaiba, halafu kakunja."

Koplo Xavery, msaidizi wake, alitabasamu. Bi Mwanne hakutabasamu. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mwenye karakana na mwenye kizingiti, na alikuwa amesimama mlangoni kashika kiuno kama mtu anayesubiri kuombwa radhi.

Nyuma yake alisimama Bwana Erasmus, mgeni wa kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amekuja kukichukua kizingiti kwa niaba ya hoteli moja ya huko, kikatundikwe ukumbini watalii wakione. Asubuhi alikikagua, akaridhika, akaenda mjini kutafuta gari. Aliporudi baada ya chakula cha mchana alikuta meza na blanketi.

"Afande, msisumbuke kuzunguka," alisema Bi Mwanne. "Aliyekichukua ni Zuena. Yule binti wa kompyuta."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini ufunguo wa ghala unaning'inia ofisini kwake. Na wiki nzima yuko na kizingiti, anakipiga picha, anakipima kila pembe. Nani mwingine anakijua vile?"

"Kukijua si kukiiba, Bi Mwanne."

"Haya, utaniambia jioni."

Josepha alikuwa mzaliwa wa Lusu, kule Nzega, mwanamke wa makamo asiyepaza sauti. Katika ofisi ya upelelezi ya wilaya walimwita Mama Pole, naye alilijua jina hilo na kulipenda kuliko nyota zake za mabegani. Alikuwa na kiburi kimoja tu, lakini kikubwa: hajawahi kumpeleka mahakamani mtu ambaye si mkosaji mwenyewe.

Alilikagua eneo la tukio polepole. Ghala lilikuwa tembe la kale, kuta zake za udongo nene kuliko urefu wa mkono wa mtu, paa la udongo limelala juu ya boriti nyeusi kwa moshi wa miaka. Dirisha lilikuwa moja, dogo, lenye nondo ambazo hazikuguswa. Kufuli halikuvunjwa. Xavery alipaka unga wa kuchukulia alama za vidole, akainuka akitikisa kichwa.

"Kufuli limeshikwa na karakana nzima, afande. Alama zimepandiana."

"Lango la barabarani?"

"Kuna mama lishe amekaa pale tangu asubuhi. Anaapa hakuna ubao uliotoka."

Basi kizingiti kilitoka bila kutoka. Josepha alivuka ua kuelekea karakana.

Karakana ya Kazeh, yenye jina la kale la mji wa Tabora, ilikuwa fahari ya mtaa wa Isevya, na mwandishi wa habari hizi hataomba msamaha kwa kusema hivyo. Wengine wana bahari, wengine wana madini. Tabora wana mninga na watu wanaojua kuongea nao. Milango iliyotoka pale ilifunguliwa Mwanza, Kigoma, hata ng'ambo ya ziwa. Na tangu mwaka jana karakana ilikuwa na jambo ambalo miji mikubwa ilikuwa bado inalifanyia semina: mashine zake zote, msumeno, randa na ile kubwa ya kuchongea, zilizungumza na kompyuta bila waya. Zuena binti Doto ndiye aliyeziunganisha. Kila mashine aliifungia kisanduku kidogo chenye antena, na kompyuta ikiwa ofisini ilituma michoro kwa mawimbi, mashine ikapokea na kuchonga. Alipomaliza kazi hiyo, mafundi walimbeba juu juu hadi barabarani.

Siku hiyo mafundi wengine wote walikuwa mtaa wa Ipuli, kupachika milango ya nyumba mpya. Waliobaki karakana ni wawili: Zuena, na fundi mkuu, Mzee Shaban Mhoja.

Mzee huyo walimkuta akifuta vumbi kwenye mashine ya kuchongea. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia imekaa sawasawa. Mbele yake ulilala ubao mpya uliochongwa, nakala ya kizingiti kilichopotea, ambayo ingepachikwa mlangoni mahali pa kile cha asili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye msiba."

"Mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Naichonga hii nakala. Nimeanza kabla ya adhuhuri, nimemaliza mgeni anaingia."

"Hukutoka hata kidogo?"

"Mashine hii ukiiacha peke yake inazibwa na vumbi. Lazima uisimamishe, upulize, uiwashe tena. Waulize majirani, wameisikia."

"Inasemekana inaendeshwa kwa mawimbi. Hata kwa simu."

Mzee Shaban akatoa mfukoni simu ya kitochi, ndogo, imefungwa kwa mpira. "Simu yangu hii. Mambo ya mawimbi ni ya Zuena. Mimi nabonyeza kitufe cha kijani na kitufe chekundu, basi. Nizeeke nikifundishwa na mtoto? Hapana, bwana."

Alisema hivyo kwa kujivuna kabisa, na Xavery akacheka. Josepha aliutazama ubao mpya. Katikati yake palichongwa masega ya nyuki, yamepangwa safu kwa safu, yakizungukwa na majani ya mninga.

"Kazi nzuri," alisema.

"Nakala," alijibu mzee kwa ukavu. "Ile ya asili ndiyo kazi."

Mama lishe wa langoni aliitwa Zabibu. Alikuwa akiosha masufuria, na aliongea bila kuacha kusugua.

"Mchana huu uliisikia mashine ya kuchongea?"

"Nisiisikie nina masikio ya mbao? Ilianza nikiwa nachambua mchele."

"Ilikuwa inaenda tu, au inasimama?"

"Inasimama, inaenda, inasimama, inaenda. Ndivyo Fundi Shaban anavyofanya siku zote. Akiwa fundi mwingine unajua, anaiacha inalia tu."

"Kwa hiyo unaweza kuapa Mzee Shaban alikuwa pale."

"Naapa. Alikuwa pale." Zabibu akasita, sufuria mkononi. "Ila leo sijui kapatwa na nini. Ikaja ikalia mfululizo, muda mrefu, mpaka adhana imeanza na imekwisha yeye hajaizima. Nikasema, ama kweli uzee umeingia."

"Adhana?"

"Afande si mtu wa Isevya nini? Karakana hii adhana ikitoka, chuma kinanyamaza. Hata fundi Mkristo anaweka nyundo chini. Fundi Shaban ndiye aliyeweka sharti hilo, na ndiye anayegombeza watu. Leo kalivunja mwenyewe."

Josepha alimshukuru. Alisimama kidogo langoni akitazama barabara bila kuiona. Halafu akaenda kumhoji Zuena.

Binti huyo alikuwa amekaa ofisini, mikono juu ya magoti, mbele ya kompyuta iliyozimwa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, amevaa ovaroli yenye jina la karakana kifuani. Hakulia, na sauti yake haikutetemeka.

"Adhuhuri ulikuwa wapi?"

"Stesheni. Kulikuwa na kifurushi cha vipuri kinatoka Dodoma. Treni imechelewa, nikarudi mikono mitupu."

"Nani alikuona?"

"Watu wengi. Hakuna anayenijua."

"Ufunguo wa ghala?"

"Nimeuacha pale msumarini. Huwa unakaa pale."

"Bi Mwanne anasema ni wewe."

"Bi Mwanne ana hasira. Mimi nikichukue nikifanye nini? Kila mkato wake ninao kwenye kompyuta. Nimeuweka mimi mwenyewe, mmoja mmoja."

Kulikuwa na kujisifu kidogo katika jibu hilo, na Josepha alilipenda.

"Mashine ya kuchongea inaweza kuendeshwa bila mtu kuwa karibu nayo?"

"Ndiyo. Kutoka kwenye kompyuta hii, au kwenye simu janja yenye programu yangu. Unaiwasha, unaisimamisha, unaiendeleza."

"Simu ngapi zina programu hiyo?"

Zuena akatazama magoti yake.

"Yako ni moja. Nyingine?"

Binti akageukia kompyuta.

"Zuena, nani mwingine anaweza kuiendesha mashine ile kwa simu?"

"Sitasema, afande."

"Hujui, au hutasema?"

"Sitasema. Nimempa mtu neno langu. Halihusiani na wizi."

"Hilo la kuhusiana niachie mimi."

"Nimempa neno langu," alirudia Zuena, akainamisha uso.

Bi Mwanne, aliyekuwa akisikiliza dirishani bila aibu, aliingia kama upepo. "Mmesikia? Ana mwenzake! Mpelekeni ndani, afande. Nimeshafungua jalada, nataka alale mahabusu leo leo!"

Sheria haikumwachia Josepha njia nyingi. Alikuwepo mlalamikaji, alikuwepo mtu asiye na ushahidi wa mahali alipokuwa, mwenye ufunguo, na anayekataa kujibu swali. Alimwambia Zuena haki zake, kisha akampa ishara Xavery. Pingu zikafungwa. Kutoka mlango wa karakana, Mzee Shaban aliona. Kitambaa alichokuwa akifutia mashine kikamponyoka, naye hakuinama kukiokota.

Josepha aliliona hilo pia.

"Kabla hatujaondoka," alimwambia Zuena, "nionyeshe hayo mawimbi. Sijawahi kuona mashine inaamrishwa kwa mbali."

Uso wa binti ukabadilika. Akiwa na pingu mikononi, akiwa na mahabusu mbele yake, alisimama kama mwalimu aliyeulizwa swali zuri. Alimwelekeza Xavery achukue simu yake mezani, afungue programu. Akaomba kipande cha ubao chakavu kiwekwe kwenye mashine.

"Bonyeza hapo, koplo."

Xavery akabonyeza. Ng'ambo ya ukuta mashine ikanguruma, na ncha yake ikashuka kwenye ubao. Xavery akaruka. Akabonyeza tena, ikanyamaza. Akabonyeza tena, ikalia. Alikuwa anafurahia kama mtoto aliyepewa filimbi, na Zuena naye akasahau pingu.

"Sasa toka nayo uani," alisema Josepha. "Endelea kubonyeza."

Xavery akatoka. Mashine ilisimama, ikaenda, ikasimama, ikaenda. Kule langoni Zabibu akainua kichwa kutoka kwenye masufuria, na Josepha akaona anatazama upande wa mashine kana kwamba Mzee Shaban yuko kazini. Mzee Shaban alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani.

"Ingia ghalani, koplo. Acha mlango wazi."

Mashine ikasimama. Ikaenda.

"Funga mlango. Hesabu kimoyomoyo, kisha uizime."

Mlango mzito wa tembe, uliopigwa mabati kwa ndani, ukafungwa. Wote walisubiri. Mashine ililia. Ikaendelea kulia. Walimsikia Xavery, sauti yake ikipita kwa shida ukutani, "Nimezima, afande! Nimezima!" Mashine haikumsikiliza.

Josepha akamgeukia Zuena. "Kwa nini?"

"Ni ukuta," alisema Zuena kwa sauti ndogo. "Ukuta wa tembe unameza mawimbi. Udongo ule ni mnene mno, na bati la mlangoni ndilo linamalizia. Simu inasema imekatika, lakini mashine inaendelea na kazi iliyokwishapewa, haisubiri mtu..."

Hakumaliza. Josepha alimwona akielewa. Macho yake yalikwenda benchini, yakarudi haraka, na akafumba mdomo.

"Asante," alisema Josepha. "Hujasema kitu. Neno lako bado unalo."

Alivuka karakana, akaketi benchini kando ya Mzee Shaban. Bi Mwanne na Bwana Erasmus walisogea, na hakuwafukuza. Lori la mafundi waliotoka Ipuli lilikuwa linaingia uani wakati huo, nao wakashuka wakiimba, kisha wakaona pingu za Zuena na kunyamaza mmoja baada ya mwingine.

"Mzee wangu, nina maswali machache. Una haki ya kukaa kimya. Utakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani."

"Uliza, mwanangu."

"Sharti la adhana umeliweka lini?"

"Tangu nimepewa ufundi mkuu. Na kabla yangu alikuwa nalo baba."

"Umewahi kulivunja?"

"Mimi?" Kichwa cha mzee kiliinuka. "Waulize hawa. Nilimfukuza fundi mzuri kuliko wote kwa pigo moja tu la nyundo."

"Leo adhuhuri ulisikia adhana?"

Mzee aliirekebisha kofia yake.

"Ulisikia, mzee?"

"Nilisikia."

"Na mashine ilikuwa inalia."

Mafundi walitazamana.

"Jirani yako ameniambia ililia adhana nzima. Wewe ungekuwa umesimama hapa, na kitufe chekundu kiko hapa, ningeambiwa umeiacha ilie nisingeamini hata kama ningeambiwa na askofu wangu. Kwa hiyo hukuwepo hapa. Ulikuwa na simu ya pili, na ulikuwa mahali ambapo ulibonyeza na simu ikakukatalia. Mahali hapo nimepatafuta, na katika ua huu ni mahali pamoja tu: ghalani."

Bi Mwanne aliguna. "Afande, Mzee Shaban na simu janja wapi na wapi?"

"Mzee ataniambia mwenyewe."

Mzee Shaban aliutazama ubao mpya mbele yake. Halafu akaingiza mkono ndani ya koti lake la kazi, akatoa simu pana ya kioo, akaiweka benchini.

"Mwacheni binti," alisema. "Kizingiti nimekichukua mimi."

Mmoja wa mafundi alitamka "Astaghfirullah" kwa sauti. Bi Mwanne alikaa chini kwenye gogo bila kuangalia anakalia nini.

"Kiko wapi?" aliuliza Josepha.

"Hakijatoka ghalani. Kiko darini, juu ya boriti, nimekifunga kwa kamba. Upande uliochongwa unatazama paa. Koplo wako kasimama chini yake leo mara mbili."

Xavery alikwenda mbio na ngazi. Walimsikia akigonga, kisha akipiga kelele kwamba kipo. Bwana Erasmus alishusha pumzi ndefu na kujifuta jasho, lakini hakuna aliyemtazama.

"Eleza," alisema Josepha.

"Niliwasha mashine, nikachukua ufunguo msumarini, nikaenda. Uani kote ilinitii, nikaisimamisha na kuiendesha kama ninavyofanya nikiwa nayo, ili Zabibu asikie kawaida. Ghalani nikafunga mlango nisionekane. Nimepanda ngazi na kizingiti begani, kamba sijaikaza, adhana ikaanza. Nikabonyeza. Ikagoma. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Ningeshuka, kingeniangukia. Nimesimama pale juu na mzigo begani nikisikiliza mashine yangu inalia juu ya adhana, mbele ya mtaa mzima." Akapitisha kiganja usoni. "Katika yote niliyofanya leo, hilo ndilo lililoniumiza."

"Kwa nini ulikichukua?"

Mzee alimnyooshea Bwana Erasmus kidole. "Mwambie arudie alichosema asubuhi."

Bwana Erasmus alikohoa. "Nilisema tu, kibao kitakachowekwa chini yake kitasema ni kazi ya mafundi wa pwani, walioletwa na misafara. Ndivyo wataalamu wetu wanavyodhani. Huku bara watu walikuwa wapagazi."

"Umesikia, mwanangu? Wapagazi!" Mzee Shaban alisimama, na urefu wake wote ukajaa karakana. "Ndiyo, babu yangu Mhoja alikuwa mpagazi. Alibeba pembe begani kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu yake, na akarudi na patasi mbili alizozipata kwa jasho lake. Akakaa hapa akachonga. Tazameni! Pwani wanachonga samaki, wanachonga minyororo na mawimbi. Masega ya nyuki mmeyaona kwenye mlango gani wa pwani? Majani ya mninga je? Mtu wa pwani angemchonga nyuki wa wapi? Huyu ni Mnyamwezi aliyekulia msituni kwenye mizinga ya baba yake, na alichonga alichokipenda. Mimi nimejifunza kazi kwa kukipapasa kizingiti kile nikiwa mtoto. Leo kiende Dar es Salaam kiandikwe jina la mwingine, na watu wapite chini yake wakisema, bara hawakujua kitu? Nilimwambia Bi Mwanne, akasema biashara ni biashara. Basi nikasema kipotee. Mgeni akishachoka kusubiri ataondoka, nami nitakishusha."

Josepha, aliyefunzwa asionyeshe hisia mbele ya mtuhumiwa, alijikuta kifua kimemjaa. Bibi yake mwenyewe alikuwa akimwambia walivyotembea watu wa kwao kwenda pwani, na hakuwahi kuona kitu cha kushika mkononi kinachosema hivyo mpaka alipouona ubao ule. Alijivunia watu wake, na alijivunia hata mwizi aliyekuwa mbele yake. Lakini kazi ilikuwa kazi.

"Na ulipoona Zuena anafungwa pingu?"

Kwa mara ya kwanza sauti ya mzee ilipungua. "Nilidhani yuko na watu stesheni. Nilidhani atasema alikuwa wapi, wamwachie."

"Hilo alisema. Alichokataa kusema ni kitu kimoja tu. Nilimuuliza nani mwingine anaweza kuendesha mashine kwa simu. Alikuwa tayari kulala mahabusu kuliko kujibu. Sasa nakuuliza wewe, maana lazima nilifunge jalada hili. Programu hiyo nani alikuwekea? Nani alikufundisha?"

Hapo ndipo Mzee Shaban alipokwama.

Wizi alikuwa ameukiri bila kupepesa. Alikuwa ameutamka mbele ya mwajiri, mgeni na polisi, kifua mbele. Lakini swali hilo lilimfunga. Aliwatazama mafundi wake, wanaume aliowafunza kushika patasi, ambao kwa mwaka mzima aliwachekesha kwa kusema kwamba hatafundishwa kitu na mtoto wa jana, tena wa kike. Alikaa tena benchini.

"Fundi, si lazima," alisema Zuena. "Afande, andika ni mimi niliyeiweka tu. Inatosha."

Mzee aligeuka akamtazama. Aliitazama mikono yake, ovaroli yake, zile pingu. Alimtazama muda mrefu, na uso wake ukabadilika kama wa mtu anayeona mkato alioukosea mwenyewe kwenye ubao wa watu.

"Haitoshi," alisema.

Akasimama mara ya pili. Safari hii hakumtazama inspekta. Aliwageukia mafundi.

"Sikilizeni nyote. Nilipoona mashine imechonga sega la nyuki kwa amri isiyo na waya, nilikwenda kwa huyu binti mkiwa mmeshaondoka, nikamwomba anifundishe. Nikamwapisha asiwaambie. Akanifundisha. Nilikuwa mzito, nasahau leo nilichoambiwa jana, na hakuwahi kunicheka. Nilimkejeli mbele yenu asubuhi, akanifundisha jioni, na asubuhi akaniamkia shikamoo kama kawaida. Babu yangu alitembea mpaka pwani kutafuta patasi. Mimi patasi mpya imeletwa mlangoni kwangu, na nikaona haya kusema nani kaileta. Afande, andika. Mwalimu wangu ni Zuena binti Doto. Jina hilo liandike juu kabisa, kabla ya wizi."

Josepha akaandika. Aliliandika juu kabisa, kama alivyoambiwa, ingawa fomu haikuwa na nafasi hapo. Halafu akatoa ufunguo mdogo mfukoni, akafungua pingu za Zuena. Mzee Shaban akanyoosha mikono yake bila kuombwa.

"Nitakuja kituoni," alisema Bi Mwanne ghafla kutoka pale kwenye gogo. Hakumtazama Bwana Erasmus. "Mali ni yangu, na haijatoka nyumbani kwangu. Nitaongea na mkuu wa kituo."

"Karibu, Bi Mwanne," alisema Josepha. "Ila leo mzee twende naye."

Walitoka uani. Mafundi walipisha njia pande mbili, na hakuna aliyeondoa macho yake kwa mzee. Zuena alikuwa bado amesimama kando ya mashine, akisugua vifundo vya mikono pale pingu zilipokaa. Hakuwa amelia aliposhutumiwa, wala alipofungwa, wala mahabusu ilipotajwa. Sasa alifunika uso kwa mikono yote miwili na kulia kwa sauti, mabega yakimtikisika, na mafundi wakamzunguka wakimwita mwalimu.